Unywele Uliopigiwa Hodi

Bi Asya alikuwa akitwanga singo, manukato ya kusugulia mwili wa bibi harusi, kwa harusi ya mjukuu wake, mchi ukipanda na kushuka taratibu, aliposikia mmoja wa wasichana waliomzunguka akimtania mwenzake aliyenuna: "Muacheni. Unywele uliojificha hauchimbwi, hupigiwa hodi." Wakacheka, kisha wakamgeukia bibi, wakamuuliza maneno hayo yalitoka wapi.

"Yalianzia hapa hapa Wete," alisema, "zamani, kabla ya singo ya kopo. Harusi ikikaribia, mtaa mzima ulinukia asumini."

Siku hizo bibi harusi aliwekwa ndani na somo wake, mwanamke mtu mzima aliyemfunda. Somo ndiye pia aliyemnyoa mwili. Alimwosha kwa maji ya moto mpaka nywele zilainike, akampaka sabuni, akapitisha wembe kufuata nywele zilikolala, bila kuvuta ngozi wala kurudiarudia.

Zuwena, binti wa fundi cherehani, aliona haya kunyolewa na mtu. Kabla somo hajafika, alijifungia akanyoa miguu pakavu, akivuta ngozi na kupandisha wembe kinyume, mpaka miguu ikang'aa kama kauri. Alifurahi sana. Lakini nywele zilipoota upya zilijikunja, zikarudi chini ya ngozi, na miguu ikajaa vipele. Akachukua sindano ya baba yake, akaanza kuchimba. Alichimba penye weusi, akachimba na pasipoonekana kitu. Vipele vikawa vidonda. Kimoja kikatunga usaha.

Siku ya hina ikafika. Shangazi za bwana harusi walikuwa waje alasiri kuitazama. Wakiiona miguu ile, aliwaza Zuwena, watasema wamepewa mgonjwa. Akatia komeo.

Mama yake aligonga mpaka kiganja kikamuuma. "Nitamwita seremala aung'oe mlango huu, Zuwena."

"Mlango una kosa gani, dada?" alisema Bi Mize, yule somo. "Niachie mie." Akaketi kizingitini. "Hodi, mwanangu."

Komeo halikusogea. Bi Mize hakuondoka. Alianza kusimulia harusi yake mwenyewe, na kungwi wake aliyesinzia akaangukia sinia la hina. Ndani kikasikika kicheko kilichobanwa.

"Hodi," alisema tena.

Komeo likasogea.

Bi Mize aliitazama miguu bila kuguna. "Ulikuwa unatafuta maji?"

"Nilitaka zitoke, somo."

"Na wewe ungetoka kwa shoka? Unywele uliojificha hauchimbwi, mwanangu. Hupigiwa hodi."

Akalowesha kitambaa kwa maji ya moto, akaikanda miguu, akakanda tena. Pasipo na kidonda alisugua singo kwa mkono mwepesi, akizungusha. Ncha za nywele zikaanza kuchungulia. Aliziinua kwa sindano iliyochemshwa, akaziacha zisimame. Hakung'oa hata mmoja. Penye usaha aliosha kwa maji ya chumvi tu.

Shangazi mkubwa alipoingia, alikuta mikono imechorwa hina na miguu mitupu. "Mbona miguu haina kitu? Mnatuficha nini?"

Mama alifungua kinywa, lakini Zuwena alimtangulia. "Nilijinyoa vibaya, shangazi, kisha nikachimba." Akapandisha kanga.

Yule shangazi aliitazama miguu ile. Kisha akaketi mkekani, akapandisha buibui lake. Miundi yake ilikuwa na makovu meusi ya miaka mingi.

"Sikuwa na mtu wa kunizuia," alisema. "Hina haipakwi juu ya kidonda. Tutangoja."

Bi Mize alikamua kitambaa, akakianika. Zilibaki nywele ambazo bado hazijaitikia.

"Hizo kesho," alisema.

Bi Asya akauegemeza mchi kwenye kinu, singo ikiwa bado haijalainika, akawatazama wasichana. Yule aliyenuna alikuwa amesogea karibu, na hakuna aliyemtania tena.

"Basi ndivyo," alisema Bi Asya. "Unywele uliojificha hauchimbwi, hupigiwa hodi."