Tembo la Miaka Arobaini na Mmoja

"Siki hii!"

"Si siki, Bwana Farjala. Lilikuwa tamu alfajiri nilipoliteremsha. Wewe ndiwe uliyenisimamisha hapa hadi alasiri."

"Na kinywaji kisichoweza kumngoja mtu hadi alasiri ni kinywaji gani? Divai ya Maulana imengoja miaka ishirini, wala haijachoka."

"Imengoja miaka ishirini kwa kuwa hakuna aliyeitaka. Langu halifiki jioni kwa sababu watu hulimaliza."

Hapo zamani, katika uwanja wa Sultani Hamdini wa Pangoni, ndivyo walivyokuwa wakigombana watu wawili. Mmoja ni huyo Farjala, mtunza ghala la divai, na wa pili ni Chengo, mgema fukara ambaye mali yake yote duniani ilikuwa minazi kumi na miwili aliyoachiwa na bibi yake.

Basi Sultani huyo alikuwa ameletewa na wafanyabiashara wa mbali mitungi ya divai kongwe, na pamoja na mitungi akaletewa kanuni za kuinywa, na tangu siku hiyo hakuna aliyepumzika mjini. Divai haikuruhusiwa kutikiswa. Mnywaji aliiendea mwenyewe pale ilipo, akaionja mdomoni mwa mtungi wake. Ikishafunguliwa haikunywewa papo hapo, bali iliachwa ivute hewa, ifunguke. Kisha mwonjaji alitakiwa kutaja harufu anazozisikia. Siku moja waziri alisema anasikia harufu ya tandiko la farasi, Sultani akamsifu sana, na kesho yake baraza zima likawa linasikia tandiko la farasi, hata katika uji. Na mtu akiuliza imekuwaje Maulana anakunywa divai, aliambiwa kuwa ni dawa ya goti. Goti hilo liliuma kila siku baada ya chakula cha jioni.

Sultani aliposikia kelele akatoka nje.

"Nani huyo anayelinganisha divai yangu na maji ya mnazi?"

"Mgema huyu, Maulana," akasema Farjala. "Na shamba lake, nimeliona kwa macho yangu, lingefaa mno kwa mizabibu."

"Basi minazi ikatwe, ipandwe mizabibu."

Chengo akapiga magoti. "Maulana, minazi hiyo ndiyo inayolisha watoto wangu sita. Nimekosa nini?"

"Hukukosa wewe. Limekosa tembo lako, halina umri." Kisha Sultani akawatazama watu wa baraza, akaona wanangoja kuchekeshwa. "Lakini mimi si dhalimu. Siku ya saba kutoka leo nionjeshe tembo lililokaa miaka mingi kuliko divai yangu, na lisiwe siki. Ukiweza, minazi ni yako. Ukishindwa, wenye mashoka watakuwa tayari."

Watu wakacheka mpaka wakashikana mabega, maana hata mtoto anajua kuwa tembo la jana ni kali na la juzi ni siki.

Chengo hakucheka. Akauliza, "Kwa kanuni zile zile za divai, Maulana? Zote?"

"Zote!" akasema Farjala kabla Sultani hajafungua kinywa. "Ukivunja moja, umeshindwa."

Chengo akarudi nyumbani. Mkewe, Mbeyu, alipopata habari akakaa chini pale pale alipokuwa amesimama.

"Umeahidi kumletea Sultani tembo la miaka ishirini? Wewe mwanamume, umelogwa?"

"Sikuahidi kuleta," akasema Chengo. "Nitamkaribisha aje alionje hapa."

Basi katika minazi ile ulikuwapo mmoja ambao haujagemwa kamwe, mrefu kuliko yote. Chengo akaupanda asubuhi na jioni kwa siku sita, akalifunga karara lake changa, ganda lililofumba maua, kwa kamba, akalikata ncha kidogo kidogo kwa kotama, kisu chake cha kugemea, maana mnazi nao hautoi tembo kwa kuamrishwa. Usiku wa kuamkia siku ya saba mnazi ukaanza kudondosha, naye akautundikia kibuyu.

Asubuhi Sultani akaja na baraza lake lote, na nyuma yao watu kumi na wawili wenye mashoka, mmoja kwa kila mnazi. Na mji mzima ukafuata, maana siku hiyo hakuna aliyekuwa na kazi.

"Mtungi uko wapi?" akauliza Sultani.

Chengo akaupiga kofi mnazi. "Huu hapa, Maulana. Bibi yangu aliufukia mwaka wa nzige, na tangu hapo umekuwa ukijaa. Kizibo chake nimekifungua wiki hii. Na mwaka wa nzige ndio mwaka uliozaliwa wewe, Maulana. Una miaka arobaini na mmoja."

"Upuuzi!" akasema Farjala. "Kitu cha umri huo kimekwisha kuchakaa."

Sultani akamgeukia. "Cha umri gani, Farjala?"

Farjala akaanza kuchunguza viatu vyake.

"Haya, literemshe nionje."

"Nitavunja kanuni, Maulana. Mnywaji huliendea lilipo, akalionja mdomoni mwa mtungi wake."

Watu wote wakainua vichwa wakatazama juu. Sultani naye akatazama. Lakini kanuni ni zake, na mji mzima unamtazama. Basi akaushika mnazi, akakanyaga kidato cha kwanza kilichochongwa shinani, na askari wawili wakamsukuma kwa vichwa vyao mpaka vichwa havikumfikia tena. Katikati ya safari kilemba kikaanguka. Hatimaye akafika, akaukumbatia mnazi kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akashika kibuyu.

"Bado, Maulana!" akapiga kelele Chengo. "Liache lifunguke!"

"Mpaka lini?"

"Divai ya miaka ishirini uliipa nusu saa. Hili umri wake ni zaidi ya mara mbili. Tuseme saa moja na kidogo."

"Chengo! Nimening'inia!"

"Nalo tembo limening'inia, Maulana, na halilalamiki."

Ikawa Sultani anangoja. Waziri, asije akaonekana mzembe, akaita kwa adabu, "Maulana, wasikia harufu gani?"

"Majimoto!" akalia Sultani, maana chungu wekundu wa minazini waitwao majimoto walikuwa wamekwisha kuingia ndani ya kanzu.

"Majimoto," wakanong'onezana watu wa baraza, wakitikisa vichwa kwa ujuzi. "Naam. Hata huku chini yanasikika."

Saa ilipotimia Sultani akanywa. Akanywa tena.

"Ni tamu," akasema kwa sauti ndogo.

Kisha akatazama chini, akaukumbatia mnazi kwa mikono miwili. "Nishusheni!"

"Njia ya haraka ipo, Maulana," akasema Chengo. "Wenye mashoka wako hapa, na amri yako haijafutwa. Wakate?"

Mwenye shoka wa kwanza akatemea mate viganjani.

"Asiguse mtu!" Sauti ya Sultani ikasikika hadi sokoni. "Minazi hii ni ya Chengo! Ni ya watoto wake, na ya wajukuu wake!"

"Yote kumi na miwili?"

"Yote!"

"Na mizabibu je?"

"Ipandwe kichwani mwa Farjala!"

Ndipo Chengo akapanda, akambeba Sultani mgongoni kama gunia la mtama, akamshusha. Sultani akakaa chini, akajikuna, akataka kukasirika. Lakini tembo lilikuwa limekwisha kumfika, basi akacheka hadi machozi yakamtoka, akamvika Chengo joho lake mwenyewe.

Adhuhuri akarudi kwake. Mkewe, Mwana Shali, alikuwa amesimama mlangoni, kile kilemba kimefika mikononi mwake kabla ya mwenyewe.

"Nimeshindwa kwa haki," akasema Sultani. "Minazi nimemwachia mwenyewe."

"Nimepata habari, bwana. Mji mzima ulikuwa chini ya mnazi ule, ukitazama juu, na wote wamekwisha kupita hapa kunipa pole. Siku nyingine ukienda kuonja, vaa suruali."