Jani Moja la Mheshimiwa Ngiri

"Kanuni Ndogo ya Kuratibu Mikusanyiko Isiyo Rasmi ya Viumbe Zaidi ya Wawili, Kandokando ya Maji na Kwingineko, pamoja na Mambo Mengine Yanayofanana na Hayo."

Msiogope, wanangu. Hilo ni jina tu. Kanuni yenyewe ni fupi kuliko jina lake, na tutafika huko. Mkawasi, geuza hicho kiazi kabla hakijawa mkaa. Mwachofi, vuta mguu wako, hapo si mahali pa kuchomea nyama. Haya. Paukwa!

"Pakawa!"

Hamjala nyinyi? Paukwa!

"PAKAWA!"

Naam. Zamani za kale, kale ambayo hata bibi yangu aliisikia kwa kusimuliwa, wanyama wa nyika walikuwa na Bunge lao. Spika alikuwa Twiga. Walimchagua kwa sababu anaonekana kutoka kila upande. Kwamba hana sauti, hilo waligundua baadaye, na ikawa haifai tena kuuliza.

Bunge lilikaa juu ya mwamba mkubwa. Mwambani hakuoti jani, kwa hiyo kila mbunge alikula alicholetewa. Mbunge wa Bondeni, wanakoishi viumbe wadogo, alikuwa Ngiri. Mnamjua Ngiri: meno nje, mkia juu. Na shingo yake ni fupi, kwa hiyo akitaka kula majani hupiga magoti. Ndivyo alivyoumbwa. Yeyote anayemwekea chakula chini, Ngiri humpigia magoti.

"Hata kama ni mdogo?"

Hata kama ni mdogo, Mwachofi. Ila wakati huo wadogo hawakumwekea kitu. Aliyemlisha Ngiri alikuwa Kiboko, naye mbunge pia. Kila asubuhi Kiboko alipanda na tita zima la majani mabichi ya mtoni, akalibwaga. Ngiri akapiga magoti, akala, akashiba, akasinzia. Kiboko hakumwomba kitu. Alingoja tu.

Sasa, Bondeni walikuwa na desturi yao. Kila asubuhi walikutana mtoni: Chura, Ndezi, Kobe, panya wa kila aina, na Mama Kwale na vifaranga wake wawili. Waliulizana hali. Nani ameamka salama, nani hakuonekana. Wakimaliza walimgeukia Kiboko wote kwa pamoja: "Shikamoo, mzee. Unatuchafulia maji."

Mmoja akisema hivyo, Kiboko hasikii. Wakisema wote, mpaka tope linatikisika. Na Kiboko alikuwa mtu wa kupenda usingizi.

Ndipo siku moja ikasomwa bungeni ile kanuni yenye jina refu. Kanuni yenyewe ilisema hivi: wasikae pamoja zaidi ya wawili bila kibali. Basi. Wabunge wakasema ndiyo. Ngiri alikuwa amejaza mdomo, akasema "Mmh." Karani wa Bunge, Kunguru, akaandika: "Mheshimiwa Ngiri ameafiki kwa moyo mkunjufu." Twiga akainamisha shingo ili aone vizuri kiatu cha nani kile, na hilo nalo likaandikwa kuwa ndiyo.

"Shangazi, wanyama hawavai viatu!"

Kwa nini unadhani aliinama kukitazama?

Jioni hiyo hiyo Kunguru akavua ukarani, akavaa uaskari, akashuka Bondeni kuhesabu watu. Kila penye shimo au kichaka alisimama akaimba:

"Mmoja, wawili, basi! Wa tatu atoke!"

Semeni nami.

"Mmoja, wawili, basi! Wa tatu atoke!"

Akafika kwa Mama Kwale. Ulikuwa wakati wa kipupwe, baridi inang'ata. Baba yao alikwisha ondoka na mwewe, na hakupewa nafasi ya kuaga. Mama Kwale alikuwa ametandaza mbawa, Tunu upande huu, Chiku upande huu. Tunu ndiye mkubwa, kwa kupasua yai mapema kidogo. Chiku ndiye mdogo, na alikuwa na kikohozi.

"Mmoja, wawili, basi! Wa tatu atoke!"

"Baba Kunguru, hawa ni wanangu," akasema Mama Kwale.

"Sijasema si wako, mama. Nimesema ni watatu."

"Mmoja wao mgonjwa."

"Mgonjwa naye anahesabiwa."

Mama Kwale akaangalia upande huu, akaangalia upande huu. Hakuna mama anayejua kufanya hesabu ile. Kabla hajasema neno, Tunu akatoka chini ya bawa. "Nitalala pale kichakani, mama. Hata hivyo Chiku ananipiga mateke." Akaenda kichakani peke yake, akajikunja juu ya unyasi mkavu. Chiku hakuwa na tabia ya kupiga mateke.

Asubuhi Mama Kwale akaenda ofisini kuomba kibali. Kunguru alimpokea vizuri, hata kiti alimpa.

"Kibali kipo, mama. Waombaji wote wafike hapa kwa pamoja."

"Tukifika kwa pamoja tutakuwa watatu."

"Hapo nitawakamata."

"Tukija mmoja mmoja?"

"Hapo ombi halitakuwa kamili." Akamsindikiza mpaka mlangoni. "Karibu tena, mama, wakati wowote wa kazi."

"Huyo Kunguru ni mbaya," akasema Mkawasi.

Wala. Kunguru hakuwa mbaya. Alikuwa kazini.

Mama Kwale akaona heri aende kwa mbunge wake. Akapanda mwamba, akamkuta Ngiri amepiga magoti mbele ya tita la Kiboko.

"Mheshimiwa, mtoto wangu analala nje."

"Pole sana, mama. Nani amemtoa?"

"Wewe."

Ngiri akaacha kutafuna. Alikuwa na ubaya wake, lakini uwongo wa waziwazi haukuwamo. "Sikiliza, Mama Kwale. Wakati wa uchaguzi nilipita kwako na magadi. Ulilamba?"

"Nililamba."

"Basi mimi na wewe tulimalizana siku ile. Nisipolishwa na Kiboko nitalishwa na nani? Wewe?"

Alicheka alipokuwa akisema hivyo. Mama Kwale hakucheka. Aliteremka mwamba taratibu, lile neno la mwisho likimzunguka kichwani. Wewe. Wewe. Alipofika chini alikwisha kata shauri.

Akamwendea Chura. "Kesho tumpelekee Ngiri majani."

Chura akacheka mpaka koo likajaa upepo. "Tumlishe mbunge! Mama Kwale, baridi imekupanda kichwani. Mbunge ndiye hulisha watu! Mimi nimekinga mkono wangu hapa nangoja magadi, wewe unaniambia nitoe?"

"Na ukishalamba magadi, umewahi kumuuliza kitu?"

Chura akaushusha ule mkono aliokuwa ameukinga. Chura kushusha mkono si jambo dogo.

"Jani moja tu," akasema Mama Kwale. "Kila mtu jani lake. Twende mchana, kila mtu ataje jina lake, kisha amuulize alichotusemea bungeni jana."

"Kunguru atatukamata. Tutakuwa wengi."

"Tutapanda mmoja mmoja. Wewe na Ngiri ni wangapi?"

Chura akahesabu vidole vyake, navyo ni vingi. "Wawili."

"Wawili ni halali."

"Shangazi, hiyo si hongo?"

Swali zuri, Mkawasi. Hongo huja giza likiingia, imefunikwa, na aliyeileta hataki kutajwa. Haya majani yalikuja jua likiwaka, mkononi, na kila mwenye jani alitaja jina lake kwa sauti. Na tena, jani moja linamnunua nani? Hata Ngiri bei yake ilikuwa juu kuliko hapo.

Kesho yake wakapanda. Chura akapanda, akashuka. Ndipo akapanda Kobe, na Kobe alipanda kwa muda, wengine wakangoja, kila mmoja kwake. Kunguru akasimama pembeni na wimbo wake: "Mmoja, wawili..." Akangoja wa tatu. Wa tatu hakuja. Siku nzima Kunguru alibaki na wimbo nusu.

Kila aliyefika aliweka jani lake chini na kusema: "Mheshimiwa, jani langu hili. Jina langu Chura. Jana bungeni ulitusemea nini?"

Ngiri akapiga magoti, akala. "Suala lenu linashughulikiwa."

Kesho yake tena: "Mheshimiwa, jani langu hili. Jina langu Kobe. Jana bungeni ulitusemea nini?"

Ngiri akapiga magoti, akala. "Suala lenu liko kwenye mchakato."

Akaja Ndezi. Ndezi ana meno makali na mdomo vilevile. "Mheshimiwa, jani langu hili. Jina langu Ndezi. Jana bungeni ulitusemea nini?"

"Suala lenu liko kwenye mchakato."

Ndezi akaliokota jani lake, akalipangusa vumbi kwa heshima zote. "Basi na jani hili liko kwenye mchakato," akasema, akaenda nalo kwa Sungura. Maana Sungura alikitaka sana kiti kile, na kuna watu walikwisha mwona akijifunza kutafuna polepole kama mheshimiwa.

"Ee! Ndezi huyo!" Mwachofi akapiga makofi.

Ngiri hakupiga makofi. Mchana huo hakusinzia. Kwa sababu tita la Kiboko, mnaona, linakuja asubuhi mara moja, na kufika saa kumi tumbo limeshalisahau. Lakini majani ya wadogo yalikuwa yakija kutwa, moja, kisha moja, kisha moja. Tumbo lake lilikuwa limeanza kuzisikiliza hatua zao.

Mwisho akaja Tunu. Alipanda mwamba peke yake, manyoya yamesimama kwa baridi. Akaweka chini unyasi mmoja, mkavu, umekunjika katikati.

"Mheshimiwa, jani langu hili. Jina langu Tunu."

Ngiri akapiga magoti. Pua yake ikawa sawasawa na kifua cha yule kifaranga. Akanusa. "Mjukuu wangu, huu hauliki. Umeutoa wapi?"

"Ndio ninaoulalia."

"Unalala juu ya nyasi kavu? Mama yako je?"

"Mama analala na Chiku, Chiku anakohoa. Sisi tukiwa watatu ni wengi." Tunu akafikiri kidogo. "Babu, jana bungeni ulitusemea nini?"

Ngiri akafungua mdomo. Maneno ya kushughulikiwa na ya mchakato yote yalikuwepo, yamejipanga tayari. Hakuna lililokubali kutoka.

"Sikusema kitu," akasema. "Nilisema 'mmh'."

"Mmh ni nini?"

"Ndiyo niliyoisema nikiwa nakula."

Tunu akautazama ule unyasi. "Basi huu usiule, babu. Ili kesho useme vizuri."

Asubuhi Bunge likaketi. Kiboko akaleta tita lake, akalibwaga. Ngiri akalipita. Akasimama mbele ya Spika, miguu yote minne imenyooka, tumbo linanguruma mpaka nyuma wanasikia.

"Mheshimiwa Spika, naomba ile kanuni ndefu ifutwe."

Kiboko akaguna. Akalirudisha tita lake begani. "Ngiri. Kuanzia leo hili hulioni tena. Nani atakulisha?"

"Wako wengi, mzee."

"Wengi gani? Wataje!"

Na Ngiri akawataja. Kwa nini asiweze? Walimwambia majina yao kila siku. "Chura wa bwawani. Kobe. Ndezi, ambaye amekasirika, na ana haki. Panya Buku na mama mkwe wake. Mama Kwale. Chiku, mwenye kikohozi. Tunu..." Akataja, akataja. Kunguru akaandika mpaka bawa likamuuma, maana linalosemwa bungeni sharti liandikwe. Jua likapanda. Ngiri bado anataja. Kiboko, tita begani, akachoka kusimama, akaketi.

Wabunge wengine wakatazamana. Asubuhi ile Pofu, yule mkubwa wa jamii ya swala, alikuwa amekuta jani moja mlangoni kwake, na kando yake panya mdogo amesimama anasubiri kuulizwa jina. Nyumbu naye hivyo hivyo. Habari ilikwisha vuka mto.

Pofu akasema ndiyo, ifutwe. Nyumbu akasema ndiyo. Kiboko akasema siyo, na akasema kwa sauti, lakini alikuwa mmoja, na masikio ya watu yalikuwa kwingine. Twiga akainamisha shingo, safari hii akijua analoinamia.

Ikapita "Kanuni ya Kufuta Kanuni Ndogo ya Kuratibu Mikusanyiko Isiyo Rasmi," na yaliyobaki mnayajua. Kunguru akaitangaza Bondeni yote, na alitangaza kwa bidii ile ile.

"Na Ngiri akawa mwema siku zote?" akauliza Mwachofi.

Aa, mwanangu. Mwaka uliofuata akasahau, akaanza tena na mchakato. Wakampelekea jani, wakamuuliza, akakumbuka. Akisahau tena wanapanda tena. Hivyo ndivyo alivyokuwa mbunge mzuri.

Mnachukua nini hapo? Chukueni hiki: ukiwa mdogo usikinge mkono tu. Toa kidogo chako, ukitoe mchana, utaje jina lako, na usiondoke kabla hujauliza swali lako. Kesho nenda tena.

Ngano yangu imefika kituoni, naitua hapa. Viazi vimeiva, menyeni taratibu, vina moto.

Na jioni ile kanuni ilipofutwa, huko Bondeni Mama Kwale aliketi, akafungua mbawa. Chiku aliingia upande mmoja, Tunu akaingia upande wa pili, na wote watatu wakalala.