Kwa Nini Mbaghai Hakuna Anayesifu Chungu Chake

Chekeni tu, mkimaliza nitawaeleza. Kila mgeni hucheka siku ya kwanza anapofika gulio letu la Mbaghai. Anamkuta mama ameketi nyuma ya vyungu vyake, vimepakwa ngeu, ule udongo mwekundu, vikang'aa, anamuuliza habari ya bei, na yule mama anamjibu, "Hivyo viache, kaangalie vya yule pale." Mgeni anadhani amekosa adabu. Wengine huondoka wakisema watu wa mlima huu wana wazimu. Wazimu hatuna. Tulikuwa nao zamani, ukatutoka, na aliyeutoa ni mwanamke mmoja mwenye ulimi mchafu aliyeitwa Nakijwa.

Enzi hizo Mbaghai ilikuwa na nyumba arobaini. Ardhi ya huku haikubali mtama, mnaiona wenyewe, mawe matupu. Lakini kule kwenye kijito kuna udongo wa kufinyangia ambao watu wa tambarare hawana hata wachimbe mpaka wachoke. Kwa hiyo kina mama walifinyanga, na kila siku ya tano watu wa tambarare walipanda mlima na nafaka zao. Biashara yenyewe ilikuwa nyepesi. Ukitaka chungu, unakijaza mtama mpaka mdomoni, mtama unamwagiwa mfinyanzi, chungu unaondoka nacho. Kijiji kizima kilikula kwa njia hiyo.

Ila kulikuwa na kokoto. Kila mfinyanzi alikuja gulioni na kokoto kiganjani. Mnajua chungu kizima ukikigonga ubavuni kinaitika, na chenye ufa kinakohoa tu. Basi mnunuzi akisimama kwa jirani, unanyoosha mkono, unakigonga kile chungu cha jirani chini kabisa, kwenye kitako, mahali ambapo hata kizima hakiitiki, halafu unasema kwa sauti ya huruma, "Masikini, kimekufa hiki." Mnunuzi anahamia kwako. Jirani naye ana kokoto yake, anagonga chako. Nakijwa alikuwa fundi wa mchezo huo kuliko wote, na aliyepakwa matope naye zaidi ni Nambike, aliyeketi mkono wake wa kulia. Nambike naye hakuwa mtu wa kunyamaza.

Sasa jiwekeni mahali pa mnunuzi. Amepita kwa wafinyanzi wote, na kila mmoja amemwambia hawa wengine wanauza vyungu vilivyokufa. Akifika mwisho wa mstari ana nini mkononi? Ana mtama wake, na anarudi nao kwake.

Wakaanza kupungua. Gulio lililokuwa likijaa mpaka njiani likawa watu ishirini, kisha watano. Na kijiji kikaanza kuhama. Mtu wa kwetu akihama haondoki na nyumba, anaondoka na mlango. Anaung'oa ule mlango wake wa matete yaliyosukwa, anaufunga mgongoni na kuteremka nao. Ukiona mlango unashuka mlimani, ujue moto umezimika nyumba moja. Ilishuka milango mitano, ikashuka kumi, mwishoni zikabaki nyumba kumi na moja. Hao walioshuka walikwenda kulima mashamba ya wenyewe kwa kulishwa tu, na homa ya huko chini ikawapunguza.

Nakijwa alikuwa amezaa watoto watatu. Wawili walishashuka, na hawakurudi hata kumzika baba yao. Aliyebaki ni Nasemba, pamoja na mume wake Senzota na kichanga chao cha miezi minne. Asubuhi moja Senzota alikuja uani, akasimama mbali, akainamisha macho kama mkwe anavyopaswa.

"Mama, tutavumilia magulio matatu," alisema. "La tatu likipita bila nafaka, tunashuka."

"Shukeni!" Nakijwa alijibu. "Nani kawafunga kamba?"

Kisha akaenda nyuma ya nyumba akalia, maana alijua kichanga cha miezi minne hakiiwezi homa ya tambarare.

Gulio la kwanza alikuja mnunuzi mmoja tu, mama wa tambarare aliyevaa shanga za buluu. Alikuwa anamwoza binti yake baada ya mavuno, na alitaka vyungu vya kupikia na mitungi ya maji, mingi. Moyo wa Nakijwa ukaruka. Nambike akawahi kumwita, Nakijwa akagonga chungu cha Nambike. Nambike akageuka, akagonga mtungi wa Nakijwa. Yule mama aliwatazama, huyu, kisha yule.

"Wewe umesema vya huyu vimekufa," alisema. "Huyu anasema vyako vimekufa. Na wafinyanzi ni ninyi, mimi sijui kitu. Basi nimewaamini wote wawili."

Akajitwika kikapu chake na kuondoka.

Nakijwa alirudi kwake anafoka njia nzima. Nambike huyu! Nambike angekaa kimya leo, Nasemba angebaki! Aliingia ndani bado anasema peke yake, akachochea moto, akabandika maharage. Mwiko ulipogusa ubavu wa chungu, chungu kikaitika, na yeye akaacha kukoroga.

Chungu kile kilifinyangwa na Nambike. Nakijwa alipewa na mama mkwe wake, siku Nasemba alipozaliwa, na tangu hapo kilikuwa hakijapata hata ufa. Nakijwa alikuwa mfinyanzi, vyungu vya kupikia alifinyanga mwenyewe, lakini vyake vilikuwa vikipasuka motoni, na mara zote alirudi kwenye hiki. Alichokijua sawasawa ni mitungi. Hayo yote aliyafahamu, na bado kila gulio alimwambia mtu wa kwanza kupita kwamba vyungu vya Nambike ni maiti. Aliona aibu, aibu ya kweli, ile inayomfanya mtu asitake kuinua uso hata akiwa peke yake. Maharage yakaungua.

Gulio la pili lilipofika alijifunga kibwebwe, akakiteremsha chungu kile kwenye mafiga, masizi na kila kitu, akakipeleka gulioni na kukiweka mbele ya mitungi yake. Wenzake walicheka mpaka wakashika mbavu. Nakijwa leo anauza masizi! Yeye akaketi. Akaja mwanamume mwenye punda na magunia mawili ya mtama, akasema mkewe anataka chungu.

"Changu usichukue," Nakijwa alimwambia. "Chukua cha huyu hapa. Hiki cheusi ni cha mkono wake, nimekipikia tangu binti yangu azaliwe, na binti yangu sasa ana mtoto. Kigonge mwenyewe, hapa ubavuni."

Yule bwana akagonga, chungu kikaitika. Lakini alimtazama Nakijwa kwa wasiwasi.

"Unapata nini wewe ukinisifia cha mwenzako?"

"Sipati kitu. Cha kwangu ningekusifia hata kikivuja. Hiki si changu, nikudanganye ili iweje?"

Mwanamume akafikiri, akachukua vitatu. Mtama wote ukamwagwa kwenye mkeka wa Nambike.

Mnadhani Nambike alishukuru? Thubutu! Alikikodolea macho kile chungu cheusi kama kimepandwa na pepo. "Umekifanyia nini chungu changu?" aliuliza. "Nimekipikia maharage," Nakijwa alisema. Nambike akakunja mkeka wake na nafaka yake, akaenda zake bila hata kusema kwaheri.

Jioni hiyo nyumbani kwa Nasemba hakukuwa na moto. Senzota hawezi kumgombeza mama mkwe wake, lakini anaweza kusema na mkewe kwa sauti ya kusikika uani. "Mwambie mama yako jirani ameshiba leo! Mwambie na sisi tuna matumbo!" Nasemba alitoka akamkuta mama yake amesimama pale pale, amesikia yote.

"Mama, ungemwonyesha japo mtungi wako mmoja."

"Nikianza kusifu changu, hata nililosema juu ya Nambike litakuwa uongo kama zamani."

"Na Nambike asipokusifu wewe?"

"Asiponisifu, basi."

Akashuka kijitoni kuchimba udongo, na ile kokoto yake akaitupa kwenye maji. Hakuwa na hakika ya kitu chochote. Aliogopa, na alikuwa na njaa, lakini alishaamua, na Nakijwa akishaamua haambiliki.

Gulio la tatu walipanda watu tisa, maana yule bwana wa punda alikuwa amewasimulia wenzake. Nakijwa akawapokea. Wa vyungu aliwapeleka kwa Nambike. Mwanamke aliyetaka vikaango alimpeleka kwa kikongwe mmoja mwisho wa mstari, ambaye alikuwa hajauza kitu tangu masika ya mwaka juzi. Mtama ulimwagwa huku na kule, na mkeka wa Nakijwa ukabaki mtupu. Jua likapita utosini, likaanza kuinama. Ndipo Senzota alipotokea, mlango umefungwa mgongoni, na Nasemba nyuma yake amembeba mtoto. Njia ya kushuka mlima inakatiza katikati ya gulio, hapakuwa na pa kupitia pengine. Nasemba alimpita mama yake bila kumwangalia, kwa sababu angemwangalia asingeweza kuendelea.

Na wakati huo huo yule mama wa shanga za buluu alikuwa amerudi. Alikuwa amesikia kuna mfinyanzi Mbaghai anayesema kweli. Safari hii alisimama kwa Nambike.

"Nataka mitungi ya maji," alisema. "Ishirini, kabla ya mavuno."

Nambike alikuwa na mitungi mitano mbele yake. Gulio zima likageuka kumtazama. Nakijwa alitazama chini. Alikuwa amejiapiza kwamba hataomba, na hakuomba, ingawa masikio yake yalikuwa yanasikiliza nyayo za Senzota zikizidi kuteremka.

Nambike akashika mtungi wake mmoja. "Hii yangu," alianza, akasita. Akaanza tena. "Hii yangu inatoa jasho mno. Ukiujaza jioni, asubuhi una nusu. Ukitaka mtungi ni kwa huyu hapa. Ulimi wake mbaya, lakini mitungi yake mizuri. Mimi mwenyewe nyumbani nanywea wake. Nilimtuma mtu aninunulie ili yeye asijue."

Ala! Watu wakaangua kicheko. Nakijwa hakucheka. Mitungi aliyokuwa nayo ni saba, na mavuno hayakuwa mbali. Akasimama, akageukia njia ya kushuka, akafanya jambo ambalo mama mkwe wa huku halifanyi: alimwita mkwewe kwa jina, mbele za watu, kwa sauti yake yote.

"Senzota! Tua huo mlango uje uchimbe udongo!"

Kina mama walijiziba midomo. Senzota alisimama kule chini, jasho linamtoka, hajui ageuke au aendelee. Alimtazama mkewe. Nasemba alikuwa ameshageuka zamani, anapanda mbio, mtoto anaruka ruka mgongoni.

Walichimba siku ile ile. Senzota alichimba, Nasemba akakanda, Nakijwa akafinyanga mpaka vidole vikapasuka, na siku ya kuchoma mitungi, kuni zilipopungua, fungu moja la kuni lilikutwa uani na hakuna aliyesema limetoka kwa nani. Mitungi ishirini ilishuka tambarare kabla ya mavuno, na hakuna hata mmoja uliovuja. Wageni wa harusi walikunywa maji ya baridi, wakauliza yanatoka mtungi wa wapi.

Mwaka uliofuata mlango mmoja ulipanda mlima. Watu walitoka majumbani kuushangaa, wengine wakalia. Kisha ikapanda mitatu, kisha sita. Haikurudi yote. Wale watoto wawili wa Nakijwa hawakurudi, na aliwangoja mpaka siku yake ya mwisho. Lakini nyumba zilizokuwa kumi na moja leo ni nyingi kama mnavyoziona, mpaka kule kwenye bati jipya.

Na kuanzia gulio lile mpaka hili mlilolikuta leo, Mbaghai mfinyanzi hashiki kokoto. Anayegonga ni mnunuzi. Na mfinyanzi hasifu cha mkono wake, anasifu cha jirani, tena kile tu alichokitumia kwake nyumbani. Binti akianza kufinyanga, kabla hajaruhusiwa kuketi gulioni ni lazima apikie chungu cha mtu mwingine mwaka mzima.

Wageni wakishasikia haya huniambia, kumbe ninyi mnapendana sana. Wee! Nakijwa na Nambike hawakupatana mpaka wanaingia kaburini. Na mimi na huyu mama wa kushoto kwangu tuna ugomvi wa mpaka wa shamba, mwaka wa sita huu, hata salamu yake naipokea kwa shingo upande. Vyungu vyake nimewasifia tangu asubuhi, na nyote mmevinunua. Hatupendani kuliko watu wengine, wanangu. Tumeamua tu kwamba hapa hatuhami.