Kiti cha Mlangoni

Hapo zamani, na wala si zamani sana, maana wapo mashahidi wanaokula mpaka leo, bomu lililipuka katika soko la mji mmoja. Moshi ukaisha, vioo vikarudishwa, lakini watu hawakurudi sawa. Kila aliyeingia mahali aliutafuta mlango kwanza, salamu baadaye.

Mwanatumu alikuwa na hoteli aliyoachiwa na marehemu mama yake. Mlango mmoja, meza kumi. Meza zilikaa tupu, watu wamebanana mlangoni na sahani mikononi, wakigombea kiti kimoja kilichokuwa pale. Kila siku ugomvi! Mwanatumu akachoka.

"Leo mkate shauri kiti ni cha nani. La sivyo nafunga hoteli, mkale kwenu," akasema, akarudi jikoni.

"Ni changu," akasema Mzee Katana. "Mimi nilikuwapo sokoni. Sikio hili mpaka leo linalia ngiii."

"Ni changu," akasema Makau, muuza nyama. "Wewe mzee ulikuwapo, ukaona limekwisha. Mimi nililisikia redioni, na kichwani mwangu linalipuka kila siku upya. Hata usingizi nimeusahau!"

"Hebu nyamazeni! Ni changu," akasema Sista Nasike, muuguzi. "Majeruhi niliwabeba kwa mikono hii. Nisipotoka wa kwanza, nani atarudi kuwatoa nyinyi?"

Mara, paa! Nje, tairi la mkokoteni limepasuka. Lo! Wote watatu wakauvamia mlango, kiti kikakwama katikati, nao wakakwama nacho. Mwanatumu akatoka jikoni mbio, mwiko mkononi, akakuta migongo mitatu imeziba njia. Akasukuma wee, hola.

Walipojua ni tairi, wakacheka hadi machozi. Mwanatumu hakucheka. Akakikwamua kiti, akakikalia.

"Jikoni kwangu hakuna hata dirisha," akasema. "Kifuniko kikianguka tu, roho inaniruka. Miezi minane nawapikia huko nyuma, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza: Mwanatumu, wewe utatokea wapi?"

Harufu ya wali unaoungua ikaanza kuja.

"Lakini Bi Mwanatumu," akasema Makau kwa sauti ya chini, "ukikaa hapo wewe, nani atatupikia?"

Haya, semeni nyie mnaonisikiliza. Kwanza, mbona nyote mmejibanza hapo mlangoni? Basi jibuni hukohuko mliko: kiti kile, nani alikistahili?