Boga Lililochelewa

Paukwa!

Pakawa!

Aa, mmeitika kama watu walioshiba! Haya, sogezeni miguu msije mkaungua. Ngano hii mimi mwenyewe huniumiza.

Hapo zamani za kale, nyuki walipokuwa wakisema na watu, Jumbe Mkwavi na baraza lake walitawala mji uitwao Kisambo. Baraza lilipenda usafi kupita kiasi. Kila mwezi ngoma ya msaragambo ililia, watu wote wakatoka kufyeka kando ya njia, majani na maua yake, wakabakiza udongo mtupu.

Hodari wa kufyeka alikuwa Sijaona. Aliishi na mama yake, bikizee asiye na jino hata moja. Chakula kilichomshuka kooni kilikuwa boga la kupondwa tu.

Siku moja nyuki akatua kwenye fyekeo lake. "Dada Sijaona, usikate maua haya. Maboga yenu yasipochanua, sisi tunakula hapa."

"Wee! Mimi nimeamriwa. Kamwambie Jumbe."

Nyuki akaenda barazani. "Jumbe, tuachieni ukanda mmoja tu, upana wa mpini wa jembe."

"Ngoja tumalize kufyeka."

Mwezi wa pili akarudi, amekonda. "Jumbe, tuachieni ukanda mmoja tu, upana wa mpini wa jembe."

"Ngoja tumalize kufyeka."

Mwezi wa tatu alikuja akitambaa, bawa limechanika. "Jumbe, ukanda mmoja tu."

"Ngoja tumalize kufyeka!" Na wazee wa baraza wakacheka. Chekeni tu! Siku hiyo Sijaona alitunzwa kanga mpya kwa kufyeka vizuri.

Mvua ikanyesha, maboga yakachanua. Maua tele, nyuki hakuna. Vitoto vya maboga vikageuka manjano, vikaoza, vikadondoka.

"Mwanangu, boga bado?"

"Bado, mama."

"Mwanangu, boga bado?"

"Bado, mama."

"Mwanangu, boga bado?"

"Bado, mama."

Hakuuliza tena.

Jumbe alikuja kuhani. "Pole, Sijaona. Marehemu aliumwa nini?"

"Njaa, Jumbe. Amri ilikuwa yako, na fyekeo nilishika mimi."

Jumbe akainamisha kichwa. Kesho yake baraza likaamuru: kila njia ya Kisambo iachiwe ukanda wa maua, upana wa mpini wa jembe, na asiuguse mtu.

Masika yaliyofuata, nyuki mmoja akatua kwenye ua la boga.

"Ni wewe?" Sijaona akauliza.

"Yule alikuwa mama yangu," akajibu nyuki, akaendelea na kazi.

Sijaona akalia palepale shambani.

Boga likaiva. Akalichuma, akalipika, akaliponda laini kabisa, kama alivyozoea. Kisha akakaa na bakuli mapajani mpaka likapoa.

Hadithi yangu imeishia hapo, kwenye bakuli hilo. Mwenye kulia alie, lakini kukicha aende barazani kwao akawaambie wazee wasingoje.