Mabomba ya Subilaga Yaliyokatwa na Gwakisa

Mpo? Semeni mpo, na mseme kwa sauti, maana leo sina subira na mtu. Nimekasirika tangu Jumapili. Nimelala na hasira, nimeamka nayo, na kisa chenyewe ndicho hiki ninachowaletea. Mkishakisikia mtanisaidia kuamua. Mkishindwa, basi tukasirike wote.

Kule Tukuyu, nyuma ya soko, iko gereji ya Mama Tusekile. Mama huyu amefua vyuma miaka arobaini, sasa macho yamemchoka, na chini yake wapo watu watatu waliokulia mikononi mwake.

Wa kwanza ni mwanamke, Subilaga. Huyu Mungu kampa mikono ya kukunja bomba. Bomba likikunjwa ovyo hujibonyeza ndani, moshi ukakosa njia. La Subilaga halijibonyezi. Analijaza mchanga, anaziba ncha zote mbili, analipasha moto mpaka liwe jekundu, kisha analikunja taratibu kama mtu anayemgeuza mtoto aliyelala. Ila mchanga huo lazima uwe mkavu kabisa, ukiwa na unyevu mvuke utavirusha vizibo vikutoboe jicho. Na Tukuyu mnaijua kwa mvua. Kwa hiyo Subilaga huukaanga mchanga wake kwenye sufuria, kama karanga, na mwiko anao. Wageni wakipita wanadhani kachanganyikiwa.

Wa pili ni Gwakisa. Huyu kapewa jicho. Analala chini ya gari kwa muda wa kunywa chai, akitoka anakwambia kitakachogonga, kitakachoungua, kitakachokatika. Tena anachomelea haraka mno, na anachokichomelea hakiachii. Kukunja bomba hawezi. Nasema hivyo mbele ya watu, na yeye mwenyewe analijua.

Wa tatu ni Nsajigwa, dereva. Huyu kapewa sikio na roho ngumu. Injini ikibadilika sauti kidogo tu, mguu wake umekwisha jua la kufanya.

Na mimi? Mimi ni mwalimu wa michezo niliyestaafu. Kila mwaka kwenye mbio za magari za kupanda Mlima Kitosa nakaa pale juu na saa mkononi. Basi. Sikuomba kingine.

Mwaka huu Mama Tusekile akawaita watatu wale, nami nikiwepo, akasema, "Gari letu Siafu halijawahi kuupanda Kitosa chini ya dakika nne. Atakayelifikisha, gereji ni yake. Mmoja. Sitaki wakubwa watatu ndani ya mlango mmoja. Watakaokosa wafungashe vifaa vyao waende. Asipopatikana mtu, nampangishia yule bwana anayetaka kufungua baa."

Baa! Miaka arobaini ya ufundi iishie kwenye kreti za bia! Nikamwambia, "Mama, hilo ni jambo la kugombanisha watoto." Akanijibu, "Mwalimu, shika saa yako."

Ugomvi ukaanza siku ileile, na ulianzia kwenye mabomba ya ekzosi. Nitawaeleza mara moja tu. Siafu ana silinda nne. Moshi wa kila silinda una bomba lake, na mabomba manne yanakwenda kuungana kuwa moja. Yakiachwa marefu kabla ya kuungana, injini inapumua vizuri na gari linavuta kwa nguvu tangu chini. Lakini marefu yananing'inia chini ya gari. Yakifanywa ya urefu wa kati, yanakaa juu, yamejificha, hayagongi kitu, ila nguvu inapungua kidogo na lazima injini iendeshwe kwa mizunguko mingi ndipo ikupe ulichokitaka.

Subilaga akasema, "Marefu. Mlima ule unataka nguvu."

Gwakisa akasema, "Ya kati. Mlima ule una mawe."

"Mawe yanakwepwa."

"Na nguvu inatafutwa kwa gia!"

Mama Tusekile akaamua yawe marefu. Subilaga akayatengeneza kwa miezi mitatu. Niliyaona, jamani. Manne, urefu sawa hata unywele haupishani, yanapindana bila kugusana. Gwakisa aliyatazama, akaenda zake kwenye kona yake akawa anachomelea kitu kidogo ambacho hakumwonyesha mtu.

Jumapili ikafika. Kila gari hupanda mara mbili, asubuhi na mchana, na muda bora ndio unaohesabiwa. Asubuhi Siafu alipoondoka, kule juu niliusikia mngurumo wake nikasimama. Nusu ya kwanza ya mlima hakuna gari lililowahi kuipita hivyo. Kisha kwenye kona ya Jiwe Jeusi nikasikia *gaa!* na sauti ikawa ya mgonjwa. Alifika kwa dakika nne na sekunde ishirini na mbili, mabomba mawili yamebonyea.

Tuliposhuka mpaka pa kuanzia, Subilaga akamrukia dereva hata hajavua kofia. "Nilikwambia upite nje ya ile kona! Nje! Nilikuchorea kwenye karatasi!"

Nsajigwa naye akawaka. "Nje kuna sekunde tatu za kupoteza! Umenipa gari la kukimbia au la kutembezea maharusi?"

"Nimekupa kazi ya miezi mitatu, umeisugua kwenye jiwe!"

"Acheni kelele," akasema Gwakisa. "Hata angepita nje, lingegonga jiwe jingine. Nilisema tangu mwanzo."

Hakuna neno linalochoma kama hilo la "nilisema". Subilaga akamtazama kwa jicho la kumla mbichi, kisha akasema atayanyoosha mwenyewe. Kuyanyoosha kunataka mchanga, na mchanga wa pale ulikuwa umelowa. Akaomba sufuria kwenye nyumba ya jirani, akawasha moto, akaanza kukaanga.

Saa nzima! Gwakisa alihesabu upesi: kukaanga, kujaza, kupasha moto, kunyoosha, kupoza, kurudisha. Zamu ya mchana ingewapita. Subilaga asingewahi, na Gwakisa kwa jicho lake aliona kwamba hata akiwahi, jiwe lilikuwa palepale likisubiri.

Akafanya nini? Akawasha jenereta, na katikati ya kelele za magari mengine akachukua msumeno wa umeme, akayakata mabomba ya Subilaga. Yote manne. Akabakiza sehemu ya juu iliyokunjwa, akaitupa ile ndefu ya chini, akatoa mfukoni kiungio cha mabomba manne, akachomelea. Mfukoni, mnasikia? Kile kitu kidogo alichokuwa akikitengeneza kwenye kona yake. Kilikuwa kimekwisha pimwa kwa mabomba ya mwenzake. Alikuja nacho kutoka gerejini.

Subilaga akarudi na sufuria ya mchanga wa moto ameishika kwa kanga, jasho linamtiririka, akakuta vipande vyake vinne kwenye nyasi.

Halafu sufuria ikaruka. Mchanga ukamwagika miguuni pa Gwakisa, akaruka nyuma.

"Nani kakuruhusu?"

"Muda ulikuwa hauto—"

"Nimekuuliza nani kakuruhusu! Nilikuwa hatua hamsini kutoka hapa! Una miguu, una mdomo!"

"Ningekuomba ungekataa!"

"Ndiyo, ningekataa! Yangu! Na hicho kiungio ulikichomelea lini? Ulikuwa unanichekea miezi mitatu huku umeshapanga pa kunikata!"

"Nilijua yatagonga, Subilaga. Nilijua! Ulitaka nikae nitazame gereji inageuzwa baa kwa sababu ya kiburi chako?"

Watu wakaingilia kati, maana Subilaga alikuwa anatafuta spana. Nsajigwa hakungoja wamalize. Aliingia garini akawasha. Akasikiliza kidogo, akasema, "Limepoteza nguvu ya chini." Akasikiliza tena. "Na maungio yanavuja." Kisha akafunga mkanda.

Na yalivuja kweli, kazi ya haraka ina gharama yake. Moshi wa moto ulikuwa unapiga sakafu ya gari chini ya mguu wake wa kulia, ule wa kukanyagia mafuta. Mimi nilikuwa nimerudi kule juu na saa yangu, sikulijua hilo. Nilichosikia ni injini inalia kwa sauti ya juu mwanzo mpaka mwisho, haishuki, kwenye kona haishuki, maana aling'ang'ania gia ya pili na hakuachia mguu hata mara moja. Angeachia, gari lile la mabomba yaliyokatwa lingeishiwa nguvu na yote yangekuwa bure. Pale Jiwe Jeusi alipita ndani kabisa, palepale pa asubuhi, na gari halikugusa kitu.

Dakika tatu, sekunde hamsini na saba.

Nilipiga kelele kama mtoto. Nikakimbilia mlango wa gari kumkumbatia, nikamkuta analia. Alipovua kiatu, ngozi ya kisigino ilibaki kwenye soksi.

Haya. Mngedhani hapo tungeshangilia. Ng'o! Jioni hiyohiyo tulikaa gerejini, mguu wa Nsajigwa uko kwenye beseni, na ikawa zamu ya kudai.

Subilaga alikuwa amevishika vile vipande vyake vinne mapajani. "Gari limepanda kwa mikunjo yangu," akasema. "Alichokata ni mkia. Kichwa ni changu. Gwakisa, mbele ya Mama, unaweza kukunja hata bomba moja kati ya yale manne?"

Gwakisa akainamisha uso. "Siwezi. Nimejaribu miaka sita." Kisha akauinua. "Lakini mikunjo yako ilipanda asubuhi ikashindwa. Ilishinda baada ya mimi kuikata. Ndivyo au sivyo?"

"Ndivyo," akasema Subilaga, na neno hilo lilimtoka kwa shida. "Na uliiba ruhusa yangu. Ndivyo au sivyo?"

"Ndivyo."

Nsajigwa akapiga maji ya beseni kwa kiganja. "Ninyi mnazungumza mabomba, mabomba! Yapandisheni mlima peke yake tuone! Yeye kanipa gari linalogonga, huyu kanipa gari linalounguza, na mimi ndiye niliyefika. Mguu ulikuwa unaungua nikiujua. Nani kati yenu asingeuondoa?"

Subilaga akautazama mguu ule ndani ya beseni. Kisha akasema polepole, "Lakini ungepita nje ya kona asubuhi, kusingekuwa na kukata wala kuungua." Nsajigwa akainamia beseni lake. Hilo nalo lilikuwa kweli.

Nikamgeukia Mama Tusekile. Nilijua ataona ubaya wa alilolifanya, awaite watatu, awaambie kaeni wote. Wapi! Mama akaniwekea ufunguo wa gereji kiganjani, akanikunja vidole juu yake. "Mwalimu," akasema, "mimi macho sina, sikuona kitu. Wewe uliona. Mpe anayestahili. Ijumaa mwenye baa anakuja, na akikuta hakuna mwenyewe, anaingiza kreti zake."

Mimi! Mtu wa saa! Nikamwambia, "Mama, umewakosea watoto hawa, na sasa unanikosea mimi." Akasema, "Najua. Amua."

Basi ndiyo hasira yangu hiyo. Nimewakasirikia wote wanne na ninawapenda wote wanne. Subilaga hakuna gereji nyingine mjini itakayompa mwanamke benchi lake, alishazunguka kote akiwa msichana wakamcheka. Gwakisa ameingia pale akiwa hana ndugu, hata kitanda chake kiko kwenye chumba cha vipuri. Nsajigwa daktari amesema miezi minne asikanyage mafuta, na dereva wa mguu mmoja ataajiriwa na nani?

Wewe unayesema pale nyuma wagawane, umesikia kisa au ulikuwa unakula? Mama amekataa. Nimepiga magoti, amekataa. Mmoja anabaki, wawili wanatoka na mabegi yao.

Nikimpa Subilaga, nitakuwa nimempa aliyeshindwa asubuhi, ambaye angeombwa kwa heshima zote bado angekataa, na kesho baa ingefunguliwa. Nikimpa Gwakisa, nitakuwa nimewafundisha watu kwamba kazi ya mwenzako ikate tu, ilimradi ukate vizuri. Nikimpa Nsajigwa, aliyelivunja asubuhi ndiye anayelipwa kwa kulipandisha mchana, na mafundi wawili wanamwachia gereji mtu asiyejua kushika hata spana.

Leo ni Alhamisi. Ufunguo huu hapa, umeshapata joto la mkono wangu kwa siku nne na nimechoka nao. Nauweka katikati yenu. Watatu wale wameketi pale nje kwenye benchi, hawasemezani, wanasubiri mlango huu ufunguke.

Haya, niambieni. Wewe ukiuokota, unatoka nje unampa nani? Na wale wawili, utawatazama usoni uwaambie nini?