Mwamba Mbele ya Kaburi

Darasa la sita nililikimbia, mnajua. Lakini leo, kwenye dua hii, hata yule mwalimu aliyenichapa, namwona safu ya pili, atakaa kimya anisikilize mimi. Pole, mwalimu!

Palikuwa na mtu mmoja, nyumba yake juu ya jabali, kwenye ghuba ndogo yenye maji yaliyotulia kama ya mtungini. Nyuma ya nyumba, karibu na ukingo, alikuwa amemzika binti yake wa pekee. Na mdomoni mwa ghuba, chini ya maji, ulilala mwamba mrefu.

Akanunua boti ya mashine. Mwamba ukamvunjia pangaboi. Akaweka jipya, likavunjika tena. Basi kila bamvua, maji yakitoka sana, anashuka na mtaimbo kuupasua apate njia.

Mkewe, mvuvi wa pweza, aliyeujua mwamba ule kwa nyayo zake, akamwambia, "Baba Mwanaidi, zunguka tu. Wenzio wote wanazunguka."

"Wenzangu wana makasia, mke wangu. Mimi nina mashine! Hilo jiwe limewahi kunifaa nini?"

Mngemjibu nini, ndugu zangu? Si nyie mliosoma?

Njia ikapatikana. Akapita akipiga mluzi. Msimu wa kusi ulipofika, mawimbi nayo yakapita palepale. Hayakukuta cha kuyavunja. Yakaja mazima hadi chini ya jabali, yakachimba, yakarudi, yakachimba. Siku ya nne ukingo ukaporomoka. Nyumba ilibaki. Kaburi halikubaki.

Akalia, "Bahari imenigeuka! Miaka yote ilikuwa pole!"

Mkewe alikuwa amekaa chini, pindo la kanga mdomoni. "Haikuwa pole hata siku moja. Ilikuwa inapigana na jiwe kule mbele, wewe huku unasema pametulia."

Haya, sisi sasa. Tunajisifu majumbani mwetu kuna amani. Nani anapigwa huko mbele ili sisi tulale? Ni yule mama tunayemwita mkorofi. Ni yule dada mkubwa aliyeshindana na baba zetu wadogo, tukabaki na kiwanja. Tunamwona kikwazo kwa sababu tunamgonga tukiwa na haraka zetu. Tunampasua kidogo kidogo, neno leo, neno kesho.

Mwenye mtu wake wa namna hiyo aliye hai bado, ainuke aende kwake sasa hivi. Dua nitaimaliza na wenzangu tuliochelewa.